Siku ya kwanza kwa daktari wa meno: kwanini hang'oi palepale

Mi nilienda kwa daktari wa meno mara ya kwanza nikiwa mtu mzima kabisa, na nilienda vilevile tunavyoenda wengi, yaani baada ya usiku wa tatu bila kulala, panadol zimeisha, maji ya chumvi nimesukutua mpaka ulimi umekuwa kama soli ya kandambili, ndani ya daladala nimeshikilia shavu konda anadhani naongea na simu. Nikakaa kwenye kile kiti, nikafungua mdomo, nikanyoosha kidole: dokta, hili hapa, gego la juu kushoto, ng'oa tu. Daktari mwenyewe dada mmoja mpole, umri wa mdogo wangu, akasema sawa kaka, tutaliangalia. Akachukua kile kikioo kidogo chenye mkono mrefu, akakigeuza, akaanza kugonga meno moja moja kwa kitako chake. Tik, hili? Hapana. Tik, hili? Hapana. Lile nililomwonyesha, tik, wala halina habari. Akashuka chini upande huohuo, akagonga gego moja hivi, nikanyanyuka kwenye kiti nusura nimpige kichwa.

Sasa fikiria ningekutana na mtu anayeng'oa kwa kufuata kidole cha mgonjwa. Ningerudi nyumbani na pengo juu na maumivu yangu yako palepale chini.

Na wala sio kwamba nilikuwa mjinga. Meno ya juu yana tawi lake la mshipa wa fahamu na ya chini yana tawi lake, lakini matawi hayo yanaungana kwenye shina moja kabla ya kuingia kwenye ubongo, kwahiyo ubongo unapata taarifa kwamba huku kushoto kuna moto, ila nyumba namba ngapi haujui. Ndo maana gego la chini likiharibika unaweza ukasikia linauma la juu, au unaweza kusema sikio linauma, au kichwa upande mmoja, watu wanahangaika na dawa za masikio wiki mbili kumbe jino. Kushoto na kulia ndo havichanganyiki hivo, kwasababu kila upande una shina lake.

Nimeanza na hilo kwasababu naona mkanganyiko mkubwa kuhusu hawa madaktari uko hapo. Tumekua tukijua daktari wa meno ni mtu mwenye koleo, unaenda, anang'oa, unauma pamba, unarudi. Basi mtu akienda kwenye kliniki ya siku hizi akaulizwa maswali robo saa, akapigwa picha, akagongwagongwa, akapewa karatasi ya makadirio, alafu akaambiwa arudi Jumanne, anatoka amekasirika, anasema wale wanataka hela tu, jino lenyewe hawajalitoa. Kumbe ile siku ya kwanza kazi kubwa ni upelelezi, na ukijua kila hatua inatafuta nini, hata uoga unapungua.

Mapokezi unapewa fomu. Jina, umri, namba ya simu, hayo kila mtu anajaza, ikifika sehemu ya magonjwa na dawa unazotumia watu wanaandika "hakuna" mstari mzima huku kwenye mkoba kuna dawa za presha. Mtu anajiuliza presha na jino vinahusiana nini. Vinahusiana sana. Sindano ya ganzi mara nyingi ndani yake kuna adrenalini kidogo, imewekwa ili mishipa ya damu isinyae na ganzi ikae muda mrefu, sasa hiyo adrenalini inaweza kuupeleka moyo mbio, na presha yako kama iko 180 kwa 110 au zaidi daktari makini mara nyingi ataahirisha kazi isiyo ya dharura mpaka ishuke. Kisukari kisichodhibitiwa kinafanya fizi ziugue haraka na kidonda kichelewe kupona, na ugonjwa wa fizi nao unafanya sukari iwe ngumu kushuka, vinasukumana. Wanaotumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi kama wafarini, hao wakitolewa jino damu inaweza kukataa kusimama, ila usiache dawa mwenyewe kwa kujiongeza, we sema, daktari wako wa meno ataongea na daktari wako wa moyo. Pumu, kifafa, aleji ya penisilini, vali ya moyo ya bandia, ARV, ini, yote sema. Hata ile mitishamba ya jirani sema.

Dada zetu wajawazito wengi wanaambiwa wasikanyage kliniki ya meno mpaka wajifungue, hii sio kweli. Mimba yenyewe inafanya fizi zivimbe na zitoe damu kirahisi kwasababu ya homoni, kwahiyo ndo wakati wa kwenda. Miezi mitatu ya katikati ndo inapendwa zaidi kwa kazi zinazoweza kupangwa, na ukiwa na jipu la jino hausubiri mwezi wowote.

Kingine, kula kabla ya kwenda. Wengi wanaenda na njaa wakidhani ni kama operesheni ya kulazwa usingizi, wanapigwa sindano ya ganzi tumbo tupu na uoga juu, wanazimia kidogo alafu stori inasambaa mtaani kwamba sindano ya meno inaua. Kunywa chai yako na chapati, piga mswaki, nenda.

Ukiingia ndani kiti kinalala. Hiki kitu kinawatisha watu kuliko sindano naona, ghafla miguu iko juu, taa usoni, mtu mwenye barakoa kakuinamia. Pembeni kuna trei ya vyuma na mirija mirefu. Mrija mmoja unatoa maji, mwingine unapuliza hewa, ule unaokoroma unafyonza mate ili usimezemeze. Hapo kwenye trei ndo uweke macho yako. Vyombo vinatakiwa vifunguliwe mbele yako kutoka kwenye vile vipakiti vya karatasi upande mmoja na nailoni upande mwingine, na kwenye kipakiti kuna kialama kinachobadilika rangi kikipita kwenye mashine ya mvuke. Mashine yenyewe inaitwa otoklevu, ifikirie kama presha kuka, inapika vyombo kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3. Spiriti ya kufuta juujuu haitoshi, tunaongelea damu hapa, kuna homa ya ini, kuna VVU. Na glavu zibadilishwe. Ukiona daktari kashika simu, kashika kitasa, alafu anakuja na glavu zilezile, muulize, kwa upole, shikamoo kwanza kama ni mkubwa, lakini uliza. Mi niliuliza nikaonyeshwa mpaka chumba cha mashine, yule nesi alifurahi kuulizwa.

Basi ukaguzi unaanza, na hapa kuna kitu kinachekesha. Daktari anaanza kumsomea msaidizi wake namba: moja-sita sawa, mbili-sita sawa, tatu-sita tundu, tatu-saba limeanza. Mi nilidhani wananisema kwa mafumbo. Kumbe kila jino lina anwani. Mdomo unagawanywa robo nne, robo ya kwanza ni juu kulia kwako, ya pili juu kushoto, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia, alafu meno yanahesabiwa kuanzia mbele katikati kwenda nyuma, moja mpaka nane. Nane mara nne ni 32, ndo meno ya mtu mzima kamili, ingawa wengi zile namba nane za mwisho hazitoki zote au zinatoka zimelala. Kwahiyo tatu-sita ni gego la kwanza la chini kushoto, ndo lililokuwa linaniua mimi, wakati kidole changu kilikuwa kwenye mbili-sita.

Na hii namba sita ina kisa chake, wazazi msikilize. Gego la sita linatoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, linatokea nyuma kabisa bila kusukuma jino lolote la utoto, kwahiyo hakuna jino lililong'oka, hakuna sherehe, hakuna jino la kurusha juu ya bati, mama hajui hata kama limetoka, na likitoboka anasema achana nalo hilo la utoto litang'oka lenyewe. Halitang'oka. Hilo ndo la maisha. Langu limeingia kazini darasa la kwanza, limekula barafu za mfuko na ubuyu na visheti vya shuleni miaka yote hiyo, mi nimelijua siku liliponinyima usingizi.

Baada ya meno wanapima fizi. Kuna kichuma chembamba chenye mistari ya milimita, kinashushwa taratibu kati ya jino na ufizi. Kikiishia milimita 1 mpaka 3 uko vizuri, ikianza 4 kwenda juu na damu inatoka, kuna mfuko, maana yake ufizi umeanza kuachana na jino. Huu ugonjwa hauumi, ndo ubaya wake, jino linatoboka utapiga kelele lakini fizi zinaondoka kimyakimya mpaka siku unauma hindi la kuchoma jino zima lenye afya linacheza. Chanzo ni ule utando laini wa bakteria, usipotolewa kwa mswaki unakaa, unaganda na madini ya mate unakuwa ugaga, wengine wanaita ukoga, mgumu kama saruji, na ukishaganda hakuna mswaki wala mkaa wala limau itakayoutoa, mpaka kwa daktari. Wanausafisha kwa mashine ambayo ncha yake inatetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde moja huku ikimwaga maji, unasikia ziii na baridi kidogo. Baada ya hapo watu wanalalamika "wameniachanisha meno", hapana, nafasi ilikuwepo, ugaga ndo ulikuwa umeijaza.

Hapa niwasemee kidogo ndugu zangu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, maana wengi wanaona aibu kufungua mdomo hata mbele ya daktari. Ile rangi ya kahawia kwenye meno sio uchafu na sio kuoza. Ni floraidi, maji ya maeneo yenye miamba ya volkano yana floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huko vinapita hapo mbali sana. Jino linapata doa likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi utotoni, likishatoka limetoka. Pale Ngurdoto, Arusha, kuna kituo cha utafiti cha kupunguza floraidi kwenye maji, wanachujia mkaa wa mifupa. Daktari akiona hayo meno anajua ulikulia wapi kabla hujajitambulisha, hawezi kukufikiria hupigi mswaki. Madoa yanatibika kwa njia mbalimbali, ila usijisugulie na mchanga wala asidi.

Eksirei sasa. Watu wanaiogopa mionzi. Picha ndogo ya jino moja au mawili inakupa mionzi ya kiasi ambacho mwili wako unapokea ndani ya siku moja hivi kutoka ardhini na angani bila kufanya chochote. Kwenye kliniki za kisasa hawatumii tena filamu ya kusafisha kwa dawa, wanakuwekea kisensa kidogo mdomoni, kinakera kidogo kwenye kaakaa, unauma, tii, picha iko kwenye kompyuta. Mwambie kama una mimba, ataamua kama inahitajika. Na mwombe akuonyeshe, usikubali kuambiwa tu. Chuma cha kuzibia kinaonekana cheupe pee, ganda la jino jeupe, mfupa kijivu, na palipooza panakuwa na giza. Mi niliona giza langu limeshuka kutoka juu ya jino mpaka limegusa kile chumba cha katikati chenye mishipa. Kwa macho ya kioo kulikuwa na kitundu tu kama kichwa cha njiti ya kiberiti! Ganda la juu ni gumu kuliko kitu chochote kingine mwilini, likishatobolewa bakteria wanaingia kwenye tabaka la ndani ambalo ni laini zaidi, wanajichimbia pango huko huku mlango ukiwa mdogo vilevile.

Alafu ndo kikaja kipimo ambacho kwangu mi ndo kiini cha ziara nzima, na ni pamba tu. Kipande cha pamba kimepuliziwa kitu cha baridi kali, anakigusisha kwenye jino lenye afya kwanza ili ujue kawaida ikoje, alafu kwenye lile linaloshukiwa, anakwambia nyoosha mkono ukisikia, shusha ikiisha. Anachohesabu sio kama umesikia, anahesabu imeisha baada ya muda gani. Baridi ikikuchoma na kuisha ndani ya sekunde chache pamba ikitolewa, kile kiini cha ndani chenye mishipa kimekasirika lakini kinaweza kutulia, jino linasafishwa linazibwa, siku hiyohiyo pengine. Baridi ikibaki inapwita nusu dakika, dakika, na jino lina tabia ya kukuamsha usiku lenyewe bila kuguswa, kiini kimeshafika pabaya hakirudi, kuziba juu ni kufungia moto ndani ya nyumba, hapo ni kutibu mzizi, yaani kutoa kile kiini na kusafisha njia za ndani ya mizizi alafu kuzijaza, au kung'oa. Usiposikia kabisa baridi lakini ukigongwa unaruka, mara nyingi kiini kimeshakufa na uchafu unatokea kwenye ncha ya mzizi, na hapo watu ndo wanadanganyika zaidi, kwasababu jino lililouma mwezi mzima ghafla linanyamaza, wanashukuru Mungu, kumbe mshipa umekufa na usaha unajipanga chini.

Mi mkono wangu nilinyoosha nikakaa nao hewani kama mtoto anayetaka kwenda chooni.

Ukielewa hayo utaelewa kwanini amoksilini na flajili za duka la dawa hazikutibu. Kiini cha jino kinachouma kiko ndani ya chumba cha ukuta mgumu, kimevimba hakina pa kutanukia, damu haipiti vizuri, dawa inayosafiri kwa damu itafikaje? Na ukiacha kumeza, tundu lipo palepale. Antibayotiki ina kazi yake, uvimbe ukianza kusambaa au homa imepanda, lakini hata hapo ni pamoja na kufungua usaha utoke na kumaliza chanzo. Na naomba hili usilipite haraka: shavu au chini ya kidevu kukivimba mpaka mdomo haufunguki, kumeza shida, kupumua shida, usisubiri miadi ya kliniki, nenda hospitali kubwa usiku huohuo, jino linaua mtu. Asprini kuweka juu ya ufizi inauunguza, na hao wanaotia maji ya betri kwenye tundu sijui niwaambieje.

Karafuu je? Bibi yangu alikuwa anaponda karafuu anakujazia kwenye jino, na siku hiyo nilipoingia kliniki harufu ya kwanza ilinipiga nikasema hii naijua. Ile harufu ya kliniki za meno, watu wanaiita harufu ya dawa, kwa sehemu kubwa ni karafuu. Mafuta yake yana kitu kinaitwa yujenoli, kinatuliza mshipa, madaktari wanakichanganya na unga wa zinki wanapata udongo mweupe wa kuzibia jino kwa muda. Kwahiyo bibi hakuwa mbali, na Pemba iko kwenye midomo ya watu dunia nzima. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa anatuliza na kuacha uozo ndani, daktari anatoa uozo kwanza.

Ganzi. Kwanza wanapaka jeli kwenye ufizi, unangoja dakika moja mbili, alafu sindano. Nisikudanganye, inachoma kidogo, hasa wakisukuma haraka, daktari mzuri anasukuma polepole. Dawa yenyewe mara nyingi ni lignokaini. Kwa gego la chini anapiga nyuma kabisa karibu na pembe ya taya, mahali mshipa unapoingia kwenye mfupa, na nusu ya mdomo na ulimi vinalala, unahisi mdomo umevimba kama andazi, ukijiangalia kwenye kioo uko kawaida. Moyo ukienda mbio dakika chache ni ile adrenalini, inapita. Jambo la kujua ni kwamba ganzi inaondoa maumivu, haiondoi kusikia unasukumwa wala sauti. Ukisikia kusukumwa na kutikiswa ni kawaida, ukisikia maumivu makali nyoosha mkono, kubalianeni ishara kabla hajaanza maana hutaweza kuongea, na aongeze dawa. Jino lenye usaha ganzi inashika kwa shida, sio kwamba una mwili wa ajabu au umelogwa. Ile sauti ya ziiiii ni mashine ya upepo inayozunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, ule mvua wa maji ni wa kupooza jino lisiungue. Kule kuziba kwa rangi ya jino wanamalizia na taa ya bluu, usiiangalie, inakausha ule mchanganyiko ndani ya sekunde 20 hivi unakuwa jiwe.

Kabla ya hayo yote lakini unatakiwa uwe umekaa wima, mdomo umefungwa, mnaongea bei. Mtu hawezi kukubaliana na chochote akiwa amelazwa na mrija mdomoni. Uliza njia zipo ngapi, kila moja bei gani, itachukua ziara ngapi, na nisipofanya chochote itakuwaje. Kung'oa kunaonekana rahisi siku hiyo, ila pengo la gego meno ya jirani yanaliinamia na la juu linashuka kulifuata, miaka michache unatafuna upande mmoja, na kuweka jino la bandia baadae ni gharama kubwa kuliko ulizoziokoa. Hata hivyo sitaki kumhukumu anayechagua kung'oa, kuna mtu hana ya kutibu mzizi na maumivu hayasubiri mshahara, na jino lililobomoka mpaka chini hakuna cha kuokoa. Ila uchague ukijua. Kama una bima piga simu mapema uulize wanalipia nini kwenye meno, maana mara nyingi kung'oa na kuziba vimo alafu vitu kama kofia ya jino havimo, na usiulize dirishani ukiwa umeshavimba.

Ukiwa na mtoto mdogo, mpeleke kabla hajaumwa, likitoka jino la kwanza au akifika mwaka mmoja, akacheze na kiti apande na kushuka, ahesabiwe meno yaliyokwishatoka kati ya yale 20 ya utoto, basi. Na tuache kuwatishia, ukilia nakupeleka kwa dokta akung'oe meno, alafu siku ya siku unashangaa amekung'ang'ania shingoni. Kuna hili pia la "meno ya plastiki" au ya nailoni, mtoto mchanga anaharisha au ana homa, anapelekwa kwa fundi wa mtaani anachanwa ufizi kutolewa vitu vyeupe. Vile vyeupe ni vichanga vya meno yake mwenyewe ambavyo havijakomaa. Mtoto anabaki na ugonjwa wake ule wa kuhara, anaongezewa kidonda na damu iliyopotea, wengine wamekufa kwa hilo. Kuhara kunatibiwa hospitali.

Mimi niliamua kutibu mzizi. Siku ile alifungua jino, akatoa kile kiini kilichooza kwa visindano vidogo vyembamba, akaniambia gego hili lina mizizi miwili lakini kwa kawaida njia tatu ndani yake na zote lazima zisafishwe mpaka mwisho, akaweka dawa, akaziba kwa muda na ule udongo wa karafuu, akaniandikia kikadi nirudi baada ya wiki azijaze njia zile. Akaniambia nisile upande huo, nisinywe chai ya moto mpaka ganzi iishe maana nitaungua bila kujua, masaa mawili matatu hivi na mdomo unaweza kuchelewa zaidi. Nikapewa na somo la mswaki ambalo nilidhani nalijua: mara mbili kwa siku, ya usiku ndo muhimu, dawa yenye floraidi, na ukimaliza tema tu, usisukutue na maji mengi, unamwaga floraidi yote. Maisha yangu yote nilikuwa nasukutua kikombe kizima. Angekuwa amening'oa ningeuma ile gozi nusu saa bila kuchungulia, na siku nzima nisisukutue, nisivute sigara, nisinyonye na mrija, kwasababu donge la damu likichomoka kwenye shimo siku ya pili ya tatu utatamani urudishiwe jino lako.

Nikatoka pale nikachukua bajaji, njiani nikanunua maji ya baridi, nikanywa, nusu yakaingia nusu yakashuka kwenye shati, dereva ananiangalia kwenye kioo hasemi kitu. Nafika nyumbani mama anapepeta mchele barazani, akaniuliza wamelitoa? Nikatikisa kichwa. Hawajalitoa? Masaa yote hayo, sasa ulienda kufanya nini? Mdomo ulikuwa bado umelala siwezi kutamka hata "mzizi", nikafungua tu nikamwonyesha kwa kidole, safari hii la chini.